Deni la Mmoja, Mzigo wa Nyumba Nzima



Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, yumo mwanamke ambaye hatukuambiwa jina lake. Mume wake amefariki, naye ameacha deni. Mdai amefika mlangoni, na kwa kuwa ndani hakuna fedha, anataka kuwachukua watoto wawili wa kiume wawe watumwa wake. Maandiko hayasemi kwamba mwanamke huyo ndiye aliyekopa. Hayasemi deni lilianza lini, wala fedha zilitumika kwa kazi gani. Yanatuonyesha tu kwamba mdai hakuishia kaburini kwa mume, bali alikuja nyumbani.

Naikumbuka habari hiyo kila mara wachumba wanaojiandaa kwa ndoa wanaponiuliza: «Mwalimu, mume akikopa peke yake, je, deni ni la mke pia? Na mmoja akishindwa kabisa kulipa, anaweza kujitangaza amefilisika peke yake, mwenzake akabaki huru?» Swali hilo lina historia yake hapa petu Kolwezi, na asiyeijua historia hiyo atalijibu kwa haraka mno. Tuifuate hatua kwa hatua.

Kampuni iliyokuwa baba na mama

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Miaka ya kwanza ilichukua wafanyakazi kwa mikataba mifupi, wakaja bila jamaa zao na kurudi kwao. Kuanzia mwaka 1928 hivi ilibadili mwenendo: ikawataka wafanyakazi wakae miaka mitatu au zaidi, waje na wake zao, na watoto wazaliwe kambini. Posho ya chakula ilihesabiwa kwa kichwa: ya mfanyakazi, ya mke, ya kila mtoto. Nyumba ilikuwa ya kampuni, hospitali ya kampuni, shule ya kampuni.

Mwaka 1967 mali ya Union Minière ilitwaliwa na Serikali, na baadaye kampuni mpya ikaitwa Gécamines. Utaratibu wa maisha haukubadilika sana. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani 476,000 za shaba, na wazee wetu walisema bila mzaha kwamba kampuni ndiyo baba na ndiyo mama. Katika hali kama hiyo, mfanyakazi hakuliogopa sana deni. Akikopa, alikatwa mwisho wa mwezi, na unga ulikuwa umekwisha kufika nyumbani.

Lakini tuangalie jambo moja ambalo wakati ule wengi hawakuliona. Kila kitu kilipita katika jina la mume. Namba ya kazi ilikuwa yake, nyumba ilitolewa kwake, mshahara ulipokelewa kwa mkono wake. Mke alijulikana katika madaftari kama mke wa namba fulani. Sheria ya nchi nayo ilifuata njia hiyohiyo. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 ilimtaja mume kuwa kichwa cha nyumba, na kifungu chake cha 448 kilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kufanya tendo lolote la kisheria lenye kumfunga. Mume hakutakiwa kuomba kwa mke ruhusa ya jumla ya namna hiyo. Kwa hiyo mke hakuweza kukopa kisheria bila mume kujua, lakini mume aliweza kukopa mke asijue.

Sheria hiyohiyo iliweka njia tatu za kupanga mali ya wenye ndoa. Ya kwanza ni kila mmoja kubaki na mali yake. Ya pili ni kuunganisha tu mali waliyoichuma tangu siku ya ndoa. Ya tatu ni kuunganisha yote, ya zamani na mapya. Wachumba wasipochagua, sheria huwawekea ile ya pili. Hata waliochagua kutenganisha mali walikuta kwamba sheria inamdhania mume kuwa ndiye msimamizi wa yote. Hizo njia tatu zipo hata leo, na afisa wa serikali anapaswa kuwauliza maharusi wanataka ipi. Nimeshuhudia ndoa nyingi ambamo swali hilo lilijibiwa kwa tabasamu, bila mtu kuelewa ameulizwa nini.

Mshahara ulipokoma

Mnamo Septemba 1990 sehemu kubwa ya mgodi wa chini wa Kamoto iliporomoka. Mwaka uliofuata ukaja uporaji wa askari na raia, na mafundi wengi wa kigeni wakaondoka. Kufikia mwaka 1994 shaba ya Gécamines haikufika hata tani 40,000, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya ile ya mwaka 1986. Mwaka huohuo bei za vitu nchini zilipanda kwa asilimia zaidi ya 9,000. Mshahara ulichelewa mwezi, kisha miezi, kisha watu wakaanza kuhesabu kwa miaka.

Ndipo nyumba zetu zilipojifunza kukopa kwa kweli. Akina mama waliingia sokoni, wakalima mashamba ya mbali, wakachangiana fedha katika likelemba ili kila mmoja apate zamu yake. Hayo yalikuwa mema, nayo ndiyo yaliyowalisha wengi. Lakini palikuwa pia na mkopo wa aina nyingine, ule ambao Kongo nzima unaitwa Banque Lambert. Jina ni la benki ya Brussels, benki ya kweli, ambayo mwaka 1975 iliungana na nyingine na kupoteza jina lake la peke yake. Kwetu jina limebaki, ila halina tena ofisi wala dirisha. Ni mtu mwenye fedha, daftari na riba.

Hesabu yake ni rahisi, na kila kijana aifanye mwenyewe kwa kalamu. Chukua mkopo wa 100 kwa riba ya 50 katika mia kwa mwezi. Mwezi wa kwanza unadaiwa 150. Usipolipa, wa pili ni 225. Wa tatu ni zaidi ya 337. Wa nne umepita 500. Mtu asiyelipwa mshahara miezi minne amekwisha kuwa na deni mara tano ya alichokula. Naye hakukopa kwa anasa: alikopa kwa dawa, kwa jeneza, kwa ada ya shule. Nilikuwa mwalimu kijana miaka ile, na niliwaona watoto wakirudishwa nyumbani kwa sababu ya ada, kisha wakirudi siku ya tatu na fedha mkononi. Sikuuliza zilitoka wapi. Sisi walimu pia tulikuwa tunakopa.

Kati ya mwaka 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, Gécamines iliwaondoa kazini wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Kila mmoja alitia sahihi, akapokea kiasi cha mara moja badala ya mishahara ya nyuma na haki zake za miaka mingi. Wengi waliona kiasi hicho hakitoshi, na mwaka 2009 baadhi yao walipeleka malalamiko yao mbele ya jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia yenyewe.

Nakumbuka siku ya malipo ya jirani yetu mmoja. Mke wake alimsindikiza, amevaa kitenge kipya. Nje ya lango walikuwa wakimngoja watu watatu, kila mmoja na daftari lake. Mke alimjua mmoja tu kati yao. Walipofika nyumbani, fedha zilizobaki hazikutosha hata kununua mashine ya kusaga waliyokuwa wameipanga pamoja kwa miezi. Miaka ilipita, mama huyo akiuza unga kwa kopo sokoni, na siku moja akaniambia: «Mwalimu, deni lenyewe halikuniumiza sana. Kilichoniuma ni kwamba watu watatu wa nje walijua habari za nyumba yangu kabla yangu.»

Nani anaruhusiwa kufilisika?

Tunasema mtu amefilisika tunapomwona hana kitu. Kwa sheria, kufilisika ni jambo tofauti. Ni hukumu ya mahakama. Mdaiwa anakubali hadharani kwamba hawezi kulipa, mali yake inahesabiwa na kugawiwa wadai kwa utaratibu, na katika nchi nyingi kinachobaki kinaweza kufutwa ili aanze upya. Kwa hiyo kufilisika kwa sheria ni mzigo na ni kinga pia: wadai hawawezi tena kuja langoni mmoja mmoja, kila mtu na daftari lake.

Je, jirani yetu angeweza kuiomba kinga hiyo? Hapana. Sheria ya kufilisika iliyoletwa na Wabelgiji kwa amri ya tarehe 27 Julai 1934 iliwahusu wafanyabiashara. Tangu tarehe 12 Septemba 2012 nchi yetu iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi 17 za Afrika wenye sheria moja ya biashara, na sheria yake ya kufilisika, iliyorekebishwa mwaka 2015, imepanua mlango: inawahusu kampuni binafsi, wafanyabiashara, mafundi, wakulima na wenye kazi za kujitegemea. Lakini mfanyakazi wa mshahara, mwalimu, muuguzi, mwenye deni la nyumbani kwake, bado hana mlango hapo. Mwenye duka anaweza kufilisika kwa sheria. Mteja wake anaweza tu kushindwa kulipa.

Nchi nyingine zilipita njia ndefu kabla ya kumkumbuka mtu wa kawaida. Ufaransa ilitunga sheria ya madeni ya jamaa tarehe 31 Desemba 1989. Ubelgiji, iliyotuachia amri ya 1934, iliwapa raia wake wasio wafanyabiashara njia ya kupanga madeni yao mbele ya hakimu kwa sheria ya tarehe 5 Julai 1998. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2015, iliweka njia nyepesi kwa mdaiwa mdogo asiye na mali yoyote ya kugawiwa.

Nchini Marekani, ambako watu wengi huishi kwa kadi za mkopo, mume au mke anaweza kwenda mahakamani peke yake kuomba afilisike, mwenzake asiende. Hapo ndipo swali la wachumba wetu linapopata jibu la kushangaza. Aliyeomba akifutiwa deni, mwenzake aliyetia sahihi pamoja naye bado anadaiwa lote. Na katika majimbo kadhaa, kama Louisiana na Texas, ambako mali iliyochumwa ndani ya ndoa ni ya wote wawili, mali hiyo ya pamoja inaingia katika hesabu ya mahakama ijapokuwa mmoja tu ndiye aliyeomba. Hata mahali ambapo sheria inaruhusu mtu kufilisika peke yake, nyumba haifilisiki nusu.

Wakubwa walivyosamehewa

Sasa tuwaangalie wadaiwa wa aina nyingine. Mwezi Julai 2010, Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa zilitangaza msamaha wa madeni ya nchi yetu wa dola bilioni 12.3. Tulifurahi, na ilikuwa haki kufurahi, maana sehemu kubwa ya madeni hayo ilikopwa zamani za Zaire na raia hawakuulizwa.

Miaka miwili baadaye ikaja hukumu ambayo vijana wachache wameisikia, ingawa inahusu jina lililoandikwa katika vitambulisho vya kazi vya babu zao. Kampuni moja ya Yugoslavia, Energoinvest, ilikuwa imejenga mitambo na njia za umeme nchini kwetu, na haikulipwa. Mwaka 2004 deni lake lilinunuliwa na mfuko wa Marekani uitwao FG Hemisphere, mmoja wa wale wanaonunua madeni ya nchi maskini ili wadai yote pamoja na riba. Deni lilizidi dola milioni 100. Mfuko huo ulikwenda kisiwa cha Jersey kutaka kukamata mali ya Gécamines. Hoja yake ilikuwa hii: Gécamines ni mali ya Serikali, hivyo deni la Serikali ni deni la Gécamines. Tarehe 17 Julai 2012, Privy Council ya London, iliyo mahakama ya mwisho ya rufani kwa Jersey, ilikataa. Ilisema kwamba Gécamines, ijapokuwa ni ya Serikali, ina nafsi yake ya kisheria na kazi zake, na haiwezi kulipishwa deni ambalo si lake.

Tusimame hapo kidogo. Serikali ilisamehewa mabilioni. Gécamines ilipata mawakili wa kuieleza dunia kwamba deni la mmoja si deni la mwenzake, hata kama wameunganishwa kwa karibu sana. Lakini mama aliyesimama nje ya lango na kitenge kipya hakupata hakimu wa kumwuliza swali hilohilo. Injili ya Mathayo, sura ya 18, inasimulia juu ya mtumishi aliyesamehewa deni kubwa mno, kisha akamkaba koo mwenzake kwa deni dogo. Wengi tunaukumbuka ukatili wake. Tunasahau mstari unaotangulia msamaha: mfalme alikuwa ameamuru auzwe mtumishi huyo, na pamoja naye mke na watoto. Hakuna aliyeuliza kama mke alijua.

Kilichobadilika, na kilichobaki mikononi mwetu

Tarehe 15 Julai 2016 Sheria ya Jamaa ilirekebishwa. Kifungu cha 448 kiligeuzwa kabisa. Ruhusa ya mume iliondolewa, na mahali pake sheria inasema mume na mke wapatane juu ya matendo yote ya kisheria yanayowafunga, awe ni mmoja anayejifunga au wote wawili. Lisomeni tena hilo: hata mmoja anapojifunga peke yake. Baada ya miaka 29, sheria ya Kongo iliamua kwamba hakuna deni la siri lililo halali kati ya wenye ndoa.

Ninaipenda sheria hiyo, lakini sitawadanganya. Mkopeshaji wa mtaani haombi sahihi ya pili. Mkopo wa simu unataka namba ya siri tu, nayo mtu huiandika kitandani, mwenzake akiwa amelala. Mchimbaji anayekwenda shimoni kwa fedha za mtu aliyemkopesha chakula na vifaa hamwambii mke kiasi anachodaiwa, kwa sababu anatumaini madini ya kesho yatalipa. Mwaka 2018 bei ya kobalti ilipanda hadi zaidi ya dola 90,000 kwa tani, na katikati ya mwaka 2019 ilikuwa imeanguka chini ya 30,000. Aliyekopa katika bei ya juu alilipa katika bei ya chini.

Basi kwa wachumba walioniuliza, jibu langu ni hili. Kwa mwenye mshahara hapa kwetu, mlango wa kufilisika kisheria haujafunguliwa, si kwa mmoja wala kwa wawili. Ni haki kutaka ufunguliwe, na kati yenu wako watakaosoma sheria huko Lubumbashi na Kinshasa: wasilisahau jambo hili. Wakati tunangoja, kinga ya kwanza ni kusema. Asemaye mapema anaweza kwenda na mwenzake kwa mdai, kuomba muda, kuuza kitu kabla riba haijazaa. Anayeficha anamwachia mwenzake kugundua siku ambayo hakuna tena la kufanya.

Wala tusimhukumu aliyekopa. Wengi wa baba zetu walificha kwa aibu, si kwa hila: walikuwa wamefundishwa kwamba mwanamume halisi hulisha nyumba, na kampuni iliyowasaidia kuilisha iliwaacha mikono mitupu. Aibu hiyo iliwagharimu kuliko riba. Nabii Elisha hakumwuliza yule mjane kwa nini mumewe alikopa. Alimwuliza ana nini nyumbani. Mjane akataja kilichokuwepo, chupa ndogo ya mafuta, na kutoka hapo deni likalipwa, naye na wanawe wakaishi kwa kilichosalia. Swali hilo la nabii linahitaji watu wawili wanaojua kilichomo ndani ya nyumba yao. Lakini jirani yetu alilijua hilo langoni tu, kutoka kwa watu wa nje.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika jamaa zetu, nani anajua madeni yote ya nyumba? Ni nini kinachowazuia wengine kujua?

2. Afisa wa serikali atakapowauliza ninyi maharusi mnataka njia ipi ya mali, mtajibu nini, na kwa sababu gani?

3. Je, kikundi chetu kinaweza kumsaidiaje mtu aliyebanwa na riba aende kwa mdai wake pamoja na mwenzake, badala ya kwenda kukopa kwa mwingine?